Kiduha Hakina Miguu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanalima, wanajenga na kusemana mlangoni kama sisi, kulikuwa na bonde liitwalo Mwambisi. Sogeeni karibu, wadogo zangu. Na wewe wa nyuma, acha kumvuta mwenzio sikio, analihitaji.

Bondeni humo aliishi Sange. Mnamjua Sange? Mnyama mdogo, anamzidi panya kidogo tu, miguu kama njiti, na pua ndefu, ndefu kweli, inayochezacheza mbele ya uso wake kama kidole kinachotafuta kitu mfukoni. Mbio zake sasa! Pru! umemwona. Pru! humwoni.

Mama yake alipofariki, Sange alibaki peke yake, binti ndiyo kwanza anaanza kujitegemea. Mwaka huohuo mwenyekiti wa kijiji, Kiboko, akaitisha mkutano wa kugawa mashamba.

"Bwana Nyati," akasema Kiboko, tumbo limemkalia mapajani, "wewe una mwili. Chukua shamba la kando ya mto, lile la udongo mweusi."

"Ahsante, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Nguruwe, wewe una sauti. Chukua linalofuata."

Wakagawana, wakagawana, mpaka kikabaki kipande kimoja, jirani na shamba la Nyati, upande wa juu. Kipande hicho kilikuwa zambarau tupu. Ukikitazama kwa mbali ungesema mtu ameanika kitenge. Yalikuwa maua ya gugu liitwalo kiduha. Maua mazuri, roho mbaya.

"Na mimi?" Sange akauliza.

Wote wakageuka kutafuta sauti imetoka wapi.

"Aah, kumbe na wewe upo!" Kiboko akacheka. "Basi chukua hicho kilichobaki."

"Lakini hicho kina kiduha, Mheshimiwa. Kinashika mizizi ya mahindi huko chini na kunyonya chakula chake. Kila aliyepanda pale alivuna majani ya njano."

"Sasa wewe unakula kiasi gani? Punje mbili umeshiba!"

"Tena kesho kutwa ataolewa," Nyati akadakia. "Shamba la nini?"

Kwa kwa kwa kwa! Mkutano mzima ukaangua kicheko.

Nami nauliza: tumbo dogo linauma kidogo likiwa na njaa? Na tangu lini shamba likagawiwa kwa kipimo cha kiuno? Lakini siku ile hakuna aliyeuliza. Waliokuwa na midomo mikubwa walikuwa wameshapewa.

Sasa, Mwambisi palikuwa na desturi. Aliyepewa shamba alichota udongo wake kidogo, akauweka ulimini mbele ya watu, akameza. Huo ndio uliokuwa ushahidi. Na udongo uliweza kuonjwa mara tatu tu maishani: mara ya kwanza umepewa, mara ya pili umebadilisha, mara ya tatu umefungwa hapo hapo mpaka siku utakapoingia ndani yake. Baada ya hapo hata mwenyekiti hawezi kukuhamisha.

Sange akaonja udongo wake. Ulikuwa mchungu. Akameza hivyo hivyo. Lakini pua yake ilipokuwa pale chini, ikanusa jambo.

"Mh!" akasema moyoni. "Humu ndani wamo watu."

Siku iliyofuata akaenda shambani, akachimba kishimo, akazamisha pua yake yote. Akasikia nini?

Khorooo... fyuuu. Khorooo... fyuuu.

Zilikuwa mbegu za kiduha, ndogo kama vumbi la unga, maelfu kwa maelfu, zimelala usingizi wa pono.

"Hodi!" akaita Sange. Kimya. Khorooo, fyuuu.

Akamwaga maji. Khorooo, fyuuu. Akapiga ardhi kwa mguu, puku puku puku. Wapi! Mbegu moja ikajigeuza tu, ikaendelea kukoroma.

Basi Sange akapanda punje chache za mahindi, akakaa pembeni na pua yake udongoni akisubiri. Mahindi yakachipua. Kijizizi cha kwanza kikateremka, cheupe, chembamba kama uzi. Na kilipoteremka kikaanza kutoka jasho. Tone. Tone. Jasho lenye harufu.

"Jamani rafiki zangu weee!" kikaita kijizizi kwa harufu hiyo. "Nyuzi nyeupe za udongoni, mko wapi? Njooni! Nyinyi mniletee maji na chakula kutoka mbali nisikofika, mimi niwapikie kitu kitamu!"

Maana ndivyo mimea inavyoishi, wadogo zangu. Huko chini kuna viumbe wadogo wasiohesabika, na mzizi huzungumza nao kwa harufu. Kuna ukungu mwema wenye nyuzi nyeupe, huo ndio jirani wa kuombana chumvi. Mzizi ulikuwa unamwita huyo.

Lakini nani aliyeamka wa kwanza?

"Mh! Mh!" Mbegu ya kiduha ikafungua jicho. "Nani anapika?"

"Kunanukia kwa jirani!" ikajibu nyingine.

"Amepata wapi?"

"Hata mimi najiuliza! Amepata wapi, na sisi tumelala? Twendeni!"

Chwaa! Zikatoa vijimkia vyao, zikaurukia mzizi, zikauma, zikanyonya. Fyonz! Fyonz! Fyonz!

"Jamani, nani ananinyonya?" mahindi yakalia. Majani yakawa ya njano kabla hayajafika gotini.

Sange akachomoa pua yake, akaipangusa vumbi, macho yamemtoka.

"Kumbe!" akasema. "Hiki kitu hakiamshwi na mvua, hakiamshwi na jua wala kelele. Kinaamshwa na harufu ya jirani aliyepata!"

Akaanza kuzunguka bonde zima na pua yake. Akanusa mizizi ya mmea huu, akanusa mizizi ya mmea ule, pru, pru, pru, mpaka akafika kwenye mipamba iliyojiotea karibu na kisima. Akanusa. Akarudia kunusa.

"Harufu ile ile! Lakini mbona hapa hakuna ua hata moja la kiduha?"

Hakungoja jibu. Akachuma mbegu za pamba akaenda kuzipanda shamba zima.

Mvua ikanyesha, mipamba ikateremsha mizizi, mizizi ikatoa jasho. Tone. Tone. Huko chini ikawa vurugu.

"Kunanukia! Kunanukia!"

"Leo ni sherehe!"

"Nipishe, mimi ndiye niliyeamka kwanza!"

Chwaa! Chwaa! Maelfu kwa maelfu yakaamka kwa pupa, yakaurukia mzizi wa pamba, yakauma.

"Oyaa! Mbona hauingii meno?"

"Jaribu kule!"

"Nimejaribu! Hapa hapanyonyeki!"

"Basi turudi tukalale."

"Tutalalaje? Tumeshaamka!"

Na huo ndio msiba wa kiduha. Mbegu yake inaweza kulala miaka na miaka ikiishi, lakini ikishaamka haiwezi kulala tena. Isipopata wa kumnyonya, basi. Pu. Pu. Pu. Zikafa kwa njaa mlangoni pa chungu ambacho hakikuwa na kitu.

Juu ya ardhi watu hawakuyajua hayo. Wao waliona mipamba tu.

"Hee! Sange, utakula pamba?" Shangazi Kanga akapiga kelele kutoka njiani. Huyu Kanga, ndege wa madoadoa, alikuwa na kazi moja bondeni: kubeba maneno ya nyumba hii kuyapeleka nyumba ile.

"Nakula kumbikumbi, Shangazi. Shamba langu ndilo linalokula pamba."

"Haya mwaya. Msiba wa kujitakia hauna kilio."

Sange akacheka, akaendelea kupalilia huku anaimba. Na wimbo ule ukavuka mpaka, ukamfikia Nyati barazani kwake.

Sikilizeni hapa vizuri. Nyati alikuwa na ghala mbili zimejaa. Alikuwa na udongo mweusi, mto mlangoni, mke mwema, pembe mbili. Alikosa nini? Hakukosa kitu! Lakini uji ukamkwama kooni.

"Mke wangu, unasikia?"

"Nasikia nini, Baba?" akauliza Bi Nyati.

"Anaimba yule."

"Si anaimba tu?"

"Hakuna mtu anayeimba bure! Amepata kitu. Amepata kitu mle shambani, nami simo."

Sange alipoteremka mtoni na ndoo yake, Nyati akavuka mpaka. Gidi, gidi, gidi, akapita katikati ya mipamba, akachungulia huku, akachungulia kule. Hakuona kitu. Akarudi kwake, kwato zimejaa tope, akazunguka shamba lake lote akiwaza: "Amepata nini? Amepata nini?" Kila Sange aliposhika njia ya mto, Nyati naye alishika njia ya mpaka. Na lile tope la kwatoni lilikuwa na vumbi ndani yake. Vumbi linalokoroma.

Sange alipanda pamba msimu mmoja, akarudia wa pili. Kisha akazamisha pua, akasikiliza. Kimya. Hakuna khorooo, hakuna fyuuu.

"Sasa," akasema, "tupande mahindi."

Weee! Mahindi yakaota yakainuka! Kijani kibichi, mabua kama miguu ya twiga, mahindi manene yananing'inia. Nyuzi nyeupe za udongoni zilisikia wito wa mizizi zikaja kwa hatua zao, hakuna mdakizi njiani.

Na kwa Nyati? Kwa Nyati mahindi yalikuwa ya njano, yamekunjamana kama bibi aliyenyeshewa. Na katikati yake ukatokeza mstari wa maua ya zambarau, kuanzia mpakani kwa Sange mpaka mlangoni kwake.

"Angalia, Baba," Bi Nyati akasema, "maua mazuri yamekuja yenyewe."

Nyati hakuangalia maua. Alikuwa anaangalia ng'ambo ya mpaka, pua inamfuka moshi.

Sange akamwona, akamwonea huruma. Ndiyo, huruma! Akamwendea.

"Shikamoo, Baba Nyati."

"Mh."

"Baba, hicho ni kiduha kimekuingilia. Dawa yake ni rahisi, nitakueleza bure. Panda pamba hapa msimu mmoja, ikibidi miwili. Mizizi yake..."

"We binti!" Nyati akafoka, phuuu! "Mimi, niliyepewa udongo mweusi na mwenyekiti mwenyewe, unifundishe kulima? Nipande pamba ili watu wanicheke kama walivyokucheka wewe?"

"Mimi nilichekwa, lakini nakula."

Neno hilo, wadogo zangu, lilikuwa kweli tupu, na kweli tupu haimezeki bila maji. Nyati hakulala akifikiria. Asubuhi akamwita Shangazi Kanga.

"Dada Kanga, hivi umewahi kujiuliza kwa nini mahindi yangu yalikuwa mazuri na yake hayakuwepo, halafu sasa yake ni mazuri na yangu hayapo?"

"Ehe?"

"Yamekwenda wapi yangu?"

Kanga akafumbua mdomo wake wazi. "Usiniambie! Chuma ulete?"

"Sijasema mimi. Umesema wewe."

Chuma ulete ni yule mtu anayesemwa kwamba hukaa kwake ametulia, na kwa dawa zake akavuta mavuno ya wenzake yakaingia ghalani mwake. Mwambisi hapakuwa na tuhuma mbaya kuliko hiyo. Mpaka jua linasimama utosini, bonde zima lilikuwa linanong'ona: Sange ni chuma ulete, Sange ni chuma ulete.

Baraza likakaa kando ya mto, Kiboko yumo majini nusu, nusu nje, kama kawaida yake katika mambo yote.

"Sange, umeshtakiwa kuvuta mahindi ya Bwana Nyati. Unasemaje?"

"Nauliza swali, Mheshimiwa. Ningekuwa na dawa ya kuvuta vya watu, ningesubiri mahindi? Si ningeanza kuvuta udongo mweusi siku ile mnaugawa?"

Watu wakacheka, wengine wakajifanya wanakohoa.

"La pili: kwa nini nimvute Baba Nyati tu? Nguruwe je? Mahindi yake mazima. Au dawa yangu inachagua mwenye pembe?"

"Anajua sana kuongea!" Nyati akanguruma. "Mtoto wa kike anayejua kuongea hivi kajifunza wapi kama si uchawini?"

Haya. Mmeisikia hoja hiyo? Ukinyamaza una hatia, ukijitetea una uchawi.

"Bwana Nyati," akasema Kiboko, "isije ikawa ni husuda tu. Wewe umewahi kuingia shambani kwake?"

"Mimi?" Nyati akajipiga kifua, pu! "Kwato hizi hazijawahi kukanyaga shamba lake! Nikaonee wivu kijipande kile? Mimi?"

Kiboko akatazama pembe za Nyati. Akatazama miguu ya Sange. Akazama kidogo, akaibuka.

"Baraza limeamua. Ili haki ipatikane, mbadilishane mashamba, na kila kilichomo. Kesho kila mmoja aonje udongo wa mwenzake."

Na mahindi yalikuwa yamebakiza kidogo tu kukauka.

Sange akarudi nyumbani, akajifungia. Pua ilikuwa inamtetemeka. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine kinachomchoma: aliwaza udongo mweusi, mto mlangoni, jinsi wengine wanavyopewa wakiwa wamekaa, na yeye anayehangaika ndiye ananyang'anywa. Mbona wao? Kwa nini wao? Akasikia kitu kifuani mwake kinajigeuza, kinafungua jicho.

Akashtuka. "Nani huyu ameamka humu?"

Akakaa kitako. Akakumbuka mbegu za kiduha. Hazijali shamba, hazijali mvua. Zinachotaka kujua ni kama jirani amepata. Akafikiri, akafikiri. Kisha pua ikaacha kutetemeka, ikaanza kucheka yenyewe. Hi! Hihi! Hihihihi!

"Nimeyalilia mahindi yangu bure," akasema. "Nyati hataki mahindi."

Kesho yake watu wakajaa mpakani. Nyati akatangulia. Akachota udongo wa Sange, akauweka ulimini, akakunja uso. "Mchungu!" Akameza.

Ikawa zamu ya Sange. Akachota udongo wa Nyati, ule wa zambarau na mahindi ya njano. Akauweka ulimini.

"Mmmm!" akafumba macho. Akalamba kidole. Akalamba na kidole cha pili. "Samahani, Mheshimiwa. Naweza kuonja tena kidogo?"

"Tena ya nini?" Nyati akauliza haraka.

"Ya... hapana. Hapana, Baba. Hakuna kitu." Akajipangusa mdomo, akauweka uso wake sawa, akaondoka. Lakini alipofika kwenye kona, watu wakamsikia: hihihihi!

Nyati akabaki amesimama. "Anacheka nini yule?"

Tangu siku hiyo Sange akawa mtu wa shambani. Asubuhi yumo. Adhuhuri yumo. Alijenga uzio wa miiba kuzunguka mahali palipokuwa na kiduha kingi kuliko pote, akaufunga kamba. Akaingiza chungu kilichofunikwa. Akitoka alikuwa anapangusa mdomo na kushusha pumzi: "Aaah!" Alizamisha pua yake udongoni, akatulia, kisha akacheka peke yake. Mtu akipita, haraka anafunika kishimo kwa jani.

Ng'ambo ya mpaka Nyati alikuwa amezungukwa na mahindi mazuri kuliko yote bondeni, na hakuyaona.

"Baba, mahindi yamekauka," Bi Nyati akamwambia. "Tuvune."

"Mahindi gani? Huoni anavyopangusa mdomo?"

"Baba, ndege watayamaliza."

"Wayamalize! Umesikia 'aaah' ile? Mtu hasemi 'aaah' ile kwa kitu cha kawaida! Shamba lile nilikaa nalo mimi, mwenye pembe mbili, sikulijua lina nini. Yeye kwa kulionja tu amejua!"

Akashindwa kula. Akashindwa kulala. Akaenda kwenye uzio, akajilegeza sauti.

"Hujambo, mwanangu."

"Sijambo. Shikamoo, Baba."

"Marahaba, marahaba. Eti, mwanangu... umepata nini humo ndani?"

"Sijapata kitu, Baba."

"Kwenye chungu je?"

"Maji."

"Maji!" Nyati akacheka kicheko cha meno matupu. "Na chini ya jani lile?"

"Kishimo, Baba. Kishimo kitupu."

Angalieni jambo hili. Sange hakusema uongo hata neno moja. Kila jibu lake lilikuwa kweli. Lakini mwenye wivu hasikii kwa masikio. Anasikia kwa harufu. Na harufu iliyomfikia Nyati ilikuwa moja tu: jirani amepata.

Nyati akatimka mpaka mtoni, gidigidi gidigidi gidigidi!

"Mwenyekiti! Nataka shamba langu!"

Kiboko akaibuka, maji yanamtiririka masikioni. "Shamba gani tena, Bwana?"

"Lile! La kwangu! Nilionewa!"

"Si wewe ndiye uliyeshtaki?"

"Itisha baraza!"

Baraza likakaa tena. Safari hii hakuna aliyebaki nyumbani. Shangazi Kanga alifika kabla hajaitwa.

"Mimi nimeridhika, Mheshimiwa," akasema Sange, macho chini. "Nimeonja udongo, ukanikubali. Baba Nyati naye ana mahindi yangu. Tuache tu."

"Mnamwona? Mnamwona?" Nyati akaruka, ardhi ikatikisika. "Hataki kuliacha! Kuna kitu!"

"Lakini Baba, mimi si chuma ulete? Shamba nililolifanyia dawa unalitakia nini? Utadhurika."

"Huna dawa!"

"Ati?"

"Nimesema huna dawa! Nilisema tu maneno yale. Hata kuku wako hujui kumwita, utavuta mahindi ya watu?"

Shangazi Kanga akasogea mbele.

"Na mahindi yangu yaliota kwa nini?" Sange akauliza.

"Kwa mipamba yako! Niliiona mwenyewe, nilipita katikati yake kila ulipokwenda mtoni. Kila siku nilipita, hakukuwa na hirizi wala dawa, kulikuwa na pamba tupu! Sasa nipe shamba langu!"

Hapo Kanga akafumua sauti yake yote: "Heee! Kwato ambazo hazijawahi kukanyaga!"

Nyati hakusikia. Macho yake yalikuwa kwenye uzio wa miiba.

"Mheshimiwa," Sange akasema, "hii itakuwa mara ya tatu kuonja. Ya tatu inafunga. Baba asije akasema sikumwambia."

"Inifunge!" akapayuka Nyati. "Initie na pingu! Leteni udongo!"

Ukaletwa. Nyati akajaza kinywa, akameza pamoja na kokoto, gluk! Sange akachota wa kwake, kidogo tu, kwenye ncha ya kidole. Ulikuwa mchungu vilevile kama siku ya kwanza. Akaumeza polepole, machozi yakamlengalenga. Nani tena wa kumtoa?

"Limefungwa, na kila kilichomo," akatamka Kiboko.

Neno halijaisha, Nyati ameshafika kwenye uzio. Kracha! Miiba ikaruka. Akafunua chungu. Maji. Akayanywa yote akidhani ni dawa. Maji ya mtoni. Akafunua jani. Kishimo. Akachimba kwa pembe, akachimba kwa kwato, udongo unaruka juu, vuru, vuru, vuru, akazama mpaka mabegani. Kiduha kikamfunika kichwa kwa maua ya zambarau kama bibi harusi.

"Kiko wapi?" akalia. "Kiko wapi ulichopata?"

"Nilikuambia sijapata kitu, Baba."

"Chungu je?"

"Jua lilikuwa kali. Nilisikia kiu."

"Sasa ulikuwa unacheka nini siku zote hizo?"

"Nilikuwa nakucheka wewe."

Loo! Kicheko kilichotoka pale kiliwaamsha popo mchana. Nguruwe akagaagaa. Kiboko, kwa aibu, akazama, chubwi! akabakiza matundu ya pua.

Bi Nyati peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama kwenye mstari wa maua yaliyotoka mpakani mpaka mlangoni kwake, akiufuata kwa macho, huku na huku.

"Sange, mwanangu," akauliza, "haya maua yalikujaje kwetu?"

"Kiduha hakina miguu, Mama," Sange akajibu. "Kilipanda kwato."

Bi Nyati akaziangalia kwato za mumewe. Jioni alikuja kwa Sange, mtandio usoni, akaomba mbegu za pamba kidogo, akazifunga kwenye pindo. Sange akampa gunia. Akamwonyesha na jinsi ya kuzamisha pua.

Nyati mpaka leo ukipita Mwambisi utamwona amesimama mpakani, shingo imeelekea ng'ambo, anatafuna na hajui anatafuna nini. Na Sange yuko ghalani mwake. Anaimba.

Hadithi yangu nimeipanda hapa, atakayeweza na aipalilie: mwenye wivu ni mbegu ya kiduha, huamshwa na harufu ya chungu cha jirani, akafa kwa njaa yake mwenyewe.